Institut Yetu Ilivyogawanywa Sawa Ng'ombe

Radio ya hapa ilitangaza ile maneno mu mchana, nyuma ya tangazo ya mbuzi yenye kupotea na mbele ya tangazo ya misa ya shukrani: Institut yetu, shule moja tu ya sekondari, masomo vile tunaitaka, yenye tuko nayo hapa centre, imekatwa mbili. Tangu leo kuko Institut ya Juu na Institut ya Chini. Wazazi wanalombwa utulivu. Miye nikisikia tu wakubwa wanalomba utulivu, najua kuko kitu wameshaharibu.

Hapa tunakaaka ni pembeni ya barabara ya kupanda Nyamitaba, mbele ya nyumba ya Mama Drocella, mwenye kuuzisha maziwa na mashanza, ile maziwa ya kuganda. Miye niko pembeni yake na kibanda yangu na panneau solaire yangu, nachajia watu telefone, njo maana wananiita Courant, ni kusema umeme. Muntu analeta telefone, anakaa ku banc kungojea ijae. Na vile wako na betri za kizamani zenye hazijae mbio, wanapata wakati ya kuongoza inchi muzima wakikaa pale. Nilishawaambia mara mingi: hapa tunachajia telefone, hatuchajie midomo. Hawasikie.

Siku ile Symphorien alikuwa ameshakaa ku banc, na wa kwanza kumufuata alikuwa Noël, motard, dereva wa pikipiki, jina yake ya barabara ni Sans Frein, ni kusema hana breki. Alizima moto yake, hakutosha hata casque ku kichwa.

— Mulisikia? Wamepasula masomo.

— Tulisikia, Symphorien akajibu bila kuinua kichwa. Na ile kichwa yenye ilileta wazo, bado hawajaipasula?

Symphorien anatoka Walikale. Ni mulimaji na muwindaji wa pori, alikuja hapa na familia yake wakati mambo ilikuwa mubaya kule, hakurudia. Tunamuita Walikale tu, sawa vile kule kote kungekuwa muntu moja. Anasemaka pole pole, na kila neno yake iko na mwiba.

— Lakini Walikale, weye unakataa maendeleo, Sans Frein akasema. Masomo imejaa. Watoto wanakaa wane ku banc ya wawili. Wengine wanafuatia leçon ku dirisha. Juzi nilibeba mutoto mwenye kuchelewa, akaniambia: kaka, unishushe ku dirisha, njo fasi yangu.

— Basi wajenge madarasa.

— Wajenge na nini? Kukata haiombe ciment.

— Hiyo njo akili ya motard. Weye ukibeba watu wane ku moto, unaikata mbili?

— Moto yangu haina Juu na Chini.

— Ina mbele na nyuma. Ukate, tuone nani ataondoka.

Sans Frein akacheka, akatosha casque, akakaa. Miye sikucheka. Nilikuwa na hasira tangu radio, na nitasema juu ya nini, sababu hakuna mwenye ananilipa ninyamaze.

Centre yetu imekua mbio. Miaka ya nyuma ulikuwa unaona nyumba chache, soko ya siku moja, na ng'ombe zinapita katikati bila kuuliza. Sasa watu wamekuja kutoka pande zote. Quartier ya Juu ni ku kilima, kwa wafugaji. Quartier ya Chini ni kwa soko, kwa walimaji, kwa wenye walikimbia wakabakia. Masomo iko katikati kabisa, na watoto wanasomea humo pamoja, wanapigana pamoja, wanafaulu pamoja. Wenye hawaelewane ni ba-papa zao. Kila upande inataka prefe, mukubwa wa masomo, atoke kwao. Kiti ya prefe ni moja, na matako yenye kuitaka ni mingi. Wakaona njia ya mwepesi ni kuongeza viti. Ile maneno ya watoto wane ku banc waliikumbuka nyuma, wakati ya kuandikia radio tangazo.

— Na nani aliigawanya? Walikale akauliza. Sababu kugawanya hapa kwenu ni vita. Niliona ndugu wawili wanagawanya mulango ya nyumba, moja akabeba mbao, mwengine akabeba kufuli.

— Hawakuniambia jina, Sans Frein akasema. Walisema tu ni muzee mwenye kuaminiwa na wote.

Ni pale njo tuliona kofia inakuja. Chini ya kofia, Papa Karekezi, na fimbo yake mu mabega, mikono miwili imelala juu ya fimbo. Huyo tunamuita Sénateur, sababu hata kusalimia tu anafanya session sawa ku bunge. Ana ng'ombe kule juu, na maneno yote ya dunia yeye anaiangalia kupitia ng'ombe. Siku mutoto ya muntu alioa, aliuliza kama bibi harusi hapigake teke.

— Musijisumbue kutafuta, akasema. Aliyegawanya ni miye.

Mama Drocella alikuwa anamumiminia maziwa. Akamupatia kikombe na mikono miwili, akakaa ku mulango kusikiliza.

Lazima nieleze kidogo. Huku ku vilima, papa akikufa akaacha ng'ombe na watoto wanaume, hawagawanye wao wenyewe, watauana. Wanaita muntu wa inje, mwenye hana kitu cha kukula pale. Yeye anasimama mu mulango ya zizi, anapitisha ng'ombe moja moja: hii huku, hii kule, hii huku. Anapima zenye maziwa na zenye kukauka, mpaka kila upande inapata muzuri na mubaya. Akimaliza, hakuna wa kusema tena. Sénateur njo huyo muntu. Amegawanya mazizi ya familia mingi, na hakuna damu yenye ilimwangika. Sasa komite ya masomo ikawaza: kama anawezana na ng'ombe, atashindwa na watoto?

— Wakaniita asubui, Sénateur akasema. Nikawaambia, mufunge milango yote ya kiwanja, muache moja. Nikasimama pale na fimbo yangu.

— Mungu wangu, Walikale akasema pole pole.

— Nikaanza na ba-professeur.

— Uliwafungua midomo uangalie meno? Sans Frein akauliza.

— Hapana, ni watu. Niliangalia miguu. Professeur mwenye miguu muzuri atafika ku masomo hata kama mvua inanyesha. Mwenye miguu muzuri Juu, mwenye miguu muzuri Chini. Kisha nikaja ku vitu. Banc moja huku, banc moja kule. Kengele ilikuwa moja, ile jante ya gurudumu ya gari yenye wanapigaka. Nikapatia Juu jante, Chini nikawapatia chuma ya kuipigia.

— Hapo watatangaza récréation namna gani?

— Wataombana. Inawaletea urafiki.

— Na ile globe? nikauliza miye. Naijua ile globe, ile mupira yenye kuchorwa dunia, mutoto yangu alishaniambia kama inchi yetu imefutika pale juu ya kuiguswa sana.

— Globe ilikuwa tabu. Chini nikawapatia ile mupira. Juu nikawapatia kiti yake.

Walikale akaweka mukono ku uso. Mabega yake ilikuwa inatetemeka.

— Sénateur, akasema, kwetu tunagawanyaka nyama ikisha kufa. Nyinyi huku munagawanya ingali inatembea.

— Ng'ombe haiko nyama, weye muntu wa pori. Ng'ombe ni jamaa. Kisha nikavuta kamba katikati ya kiwanja. Huku Juu, kule Chini. Choo ilibakia upande ya Juu, lakini nilisema watu wa Chini waruhusiwe kupita chini ya kamba kama wanafinyika.

— Na watoto? Mama Drocella akauliza.

Aliuliza na sauti ya kawaida, lakini nilimuangalia, na nikaona alikuwa ameacha kitambaa yake ya kupangusa vikombe.

— Watoto nao vile vile, mama. Darasa kwa darasa. Walipita mu mulango, moja Juu, moja Chini. Sikuchagua mutoto ya muntu. Hata ba-finaliste, wa darasa ya mwisho, niliwapitisha namna moja. Haki kabisa.

— Bénédicte yangu alienda upande gani?

— Bénédicte alienda Chini. Nilimuona, nikasema, huyu ni mutoto mwenye akili, na Chini nao wapate cha kujivunia.

Mama Drocella akasimama. Akaingia mu nyumba, akatoka bila kitu mu mukono, akakaa tena.

Wote pale ku banc tulijua. Bénédicte, binti yake, alishapoteza miaka mbili wakati ya kukimbia vita, akibeba masufuria ku kichwa fasi ya vitabu. Sasa ni mukubwa kupita wenzake mu darasa. Baba yake alikufa, na baba wadogo zake wamesema maneno moja, mbele ya watu: kama anapata diploma ya Exetat, ile mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari, mwaka huu, wanamuacha aende kusomea kazi ya infirmière, ya kutunza wagonjwa, kule Mweso. Kama hapate, kuko familia yenye ilishauliza, na ng'ombe za mahari zimeshachaguliwa. Mutoto alikubali. Asubui anakamua, mangaribi anasoma ku mwangaza ya lampe yangu, ile nachajia bure, na musiniulize tena.

— Si ni kitu moja tu, mama, Sans Frein akasema. Juu, Chini, Exetat ni ile ile.

— Ngojeni, nikasema. Mwenye kujua huyo anakuja.

Maître Gentil alikuwa anavuka barabara. Ni professeur wa hesabu wa darasa ya mwisho, moja tu mwenye tuko naye. Watoto wanamuita Maître X juu ya ile X yenye anatafutaka ku tableau kila siku na haipotee hata siku moja. Kawaida anavaaka pullover yenye kutoboka ku kiwiko. Siku ile alikuwa na cravate. Cravate ilikuwa mufupi, lakini alitembea sawa vile ilikuwa inafika ku magoti.

— Bonjour, peuple, akasema.

— Ooh, Walikale akasema. Tumekuwa peuple. Ilianza saa ngapi?

— Munaongea na Préfet wa Institut ya Chini.

Sans Frein akasimama, akamupangusia banc na mukono ya shati. Alikuwa anamuchekelea, lakini Maître X alikaa pale na kichwa juu, akapokea, akaninyooshea telefone yake nichajie. Mama Drocella akamuletea kikombe ya mashanza, yenye kujaa. Akabakia amesimama mbele yake.

— Mwalimu. Bénédicte atafanya Exetat mwaka huu?

— Mama Béné, c'est une question de procédure.

— Sisomake procédure. Atafanya?

— Mu principe, institution mupya iko na processus yake, na dans le cadre ya processus...

— Maître, nikamukata, na sauti yangu haikuwa muzuri, mama amekuuliza ndiyo ao hapana. Ile kifaransa uibakishe ya inspecteur.

Akakunywa kidogo. Akapangusa mudomo. Akaangalia barabara.

— Code ya Exetat, ile namba yenye serikali inapatiaka masomo, ilibakia ku Juu, akasema. Masomo yenye haina code, haipeleke mutoto ku Exetat. Sisi Chini tutaandikia Kinshasa. Watatupatia.

— Lini?

— Mwaka moja. Ao mbili. Inategemea.

Sans Frein akainamia casque yake.

— Na weye ulijua, Mama Drocella akasema. Asubui, Papa Karekezi alikuwa anapitisha watoto ku mulango. Ulikuwa umesimama pale?

— Nilikuwa pale.

— Ukanyamaza.

— Mama Béné, masomo bila darasa ya mwisho haiko masomo kamili. Na prefe wa masomo yenye haiko kamili, haiko prefe. Wataniita directeur tu.

Sénateur alikuwa ameshusha fimbo ku mabega. Alikuwa anaangalia Maître X sawa vile anaangaliaka ng'ombe yenye wamemuuzishia na ugonjwa.

Nilikasirika mpaka masikio ikawaka. Nilitaka kumurudishia telefone yake na betri ingali tupu, na kwangu hiyo ni azabu kubwa. Lakini Maître X aliweka kikombe chini, akasema, na safari hii bila kifaransa:

— Munajua miye nimefundisha watoto yenu tangu lini, na serikali haijue jina yangu? Wenzangu wanalipwa, miye niko nouvelle unité, mupya kila mwaka, mpaka nywele inakuwa nyeupe. Munanilipa na maharagi. Nakula maharagi yenu, nasema aksanti. Bibi yangu ananiuliza kila mwezi kama nilikosea nini. Sasa siku moja, moja tu, muntu ananiita Monsieur le Préfet. Munataka ningekataa?

Ilinichoma, sitadanganya. Ile maharagi, ingine ilitoka kwangu, na haikuwa ya kuchaguliwa muzuri.

— Haungekataa, Walikale akasema. Hata miye ningekubali, na sijasoma. Lakini haukupanda juu ya kiti, mwalimu. Ulipanda juu ya mugongo ya mutoto.

Maître X akavuta cravate yake.

Mama Drocella alimuacha pale, akageukia Sénateur. Akachuchumaa mbele yake, vile muntu anafanya mbele ya muzee.

— Papa Karekezi. Ukikuta ng'ombe yenye mimba mu zizi ya marehemu, unaitia upande gani?

— Yenye mimba haigawanywe, Sénateur akajibu mbio, juu hiyo ni kazi yake na anaijua na macho ya kufunga. Inabakia mu zizi ya baba mpaka izae. Ukiihamisha njiani itatupa mimba, na kila muntu atapoteza.

— Ba-finaliste wamebakisha miezi ngapi?

Sénateur akaanza kuhesabu ku vidole. Niliona ile maneno inaingia ndani yake pole pole. Alitosha kofia, na huyo muzee sijawahi kuona kichwa yake mu mchana. Kumbe ina kipara.

— Nilifanya mubaya, akasema. Nilipitisha yenye mimba ku mulango.

— Ulifanya haki, papa, Sans Frein akasema, anataka kumutuliza.

— Nyamaza, weye. Washa moto.

— Sénateur, Maître X akasimama, huwezi kurudia nyuma. Décision imepita ku radio.

— Itapita tena. Ile mbuzi yenye kupotea wanaitangaza tangu Pasaka.

Akapanda nyuma ya Sans Frein, fimbo imebanwa katikati yao wawili, wakapanda kilima. Tulisikia tu Sénateur analia "pole pole", na Sans Frein, vile jina yake iko, hapunguze.

Tulibakia pale na Maître X na cravate yake. Hakuna mwenye alisema naye, na hakuondoka. Telefone yake ilikuwa bado kujaa. Nilimuchajia, kwa ukweli, nikaweka ku prise ya mbio. Hasira ni hasira, kazi ni kazi.

Wakarudia jua ingali juu. Sénateur alishuka, akakaa, akalomba maziwa mbele ya kusema. Hata hapo hakuacha session yake.

— Komite imekubali. Ba-finaliste wote wanarudia ku zizi ya baba, Juu, kwenye code iko. Bénédicte atafanya Exetat.

Mama Drocella akafunika uso na kitambaa. Ilikuwa kidogo tu. Akakitosha, akamuongezea Sénateur maziwa bila kuulizwa.

— Sasa mbona mulikawia? Walikale akauliza. Maneno ya ng'ombe si mulikuwa mushamaliza?

— Maneno ya ng'ombe iliisha mbio. Tulipigana juu ya ndama.

— Ndama gani?

— Watu wa Chini walisema: sawa, mimba ibakie Juu, lakini nusu ya ile ng'ombe ilikuwa yetu. Ikizaa, ndama ni ya nani? Wanataka watoto wakifaulu, ile pourcentage nusu isomwe ku jina ya Chini. Juu wakasema haiwezekani, majani ni yetu. Wakashikana mashati. Bado wako kule.

— Waambie, Mama Drocella akasema, ile ndama iko na mama yake. Ni miye.

Tukacheka, na ilikuwa kicheko ya kupumua. Hata Walikale alionyesha meno, na ni mara moja kwa mwaka. Moja tu hakucheka, ni Maître X. Alikuwa ameinama, anafunga na kufungua ile cravate.

— Na hesabu? akauliza.

— Hesabu nini?

— Ba-finaliste wamerudi Juu. Miye niko Chini. Nani atawafundisha hesabu?

Tukamuangalia Sénateur.

— Juu niliwapatia yule kijana mwenye kufundishaka gymnastique, akasema. Alikuwa na miguu muzuri.

— Basi uvuke kamba, Sans Frein akamuambia Maître X. Si ni kamba ya ng'ombe tu?

— Prefe havuke. Nikivuka, watu wa Chini watasema nimeuzishwa. Watu wa Juu watasema nimetumwa. Komite ilisema hivyo asubui, kila muntu abakie kwenye alipitishwa.

Na hapo alisema ukweli, njo ilikuwa mubaya. Mutoto alikuwa amepata code, amekosa hesabu. Na hesabu njo ilikuwa inamusumbua, nilijua, juu kuko mangaribi alikuwa anakuja kuniuliza miye. Miye, mwenye najua kuhesabu telefone tu.

Mama Drocella akasimama. Akaangalia upande wa juu ya barabara, akaangalia upande wa chini.

— Hapa tuko wapi? akauliza.

— Hapa ni kwako, nikasema.

— Ni Juu ao ni Chini?

— Haiko Juu, haiko Chini. Ni kwako.

— Basi mwalimu, kesho saa kumi, ukiisha kuwa prefe, utakuja kwangu. Ba-finaliste watakuja nao. Utawafundisha hapa ku banc.

— Mama Béné, na heshima yote, Préfet hawezi kufundishia mbele ya bidoni za maziwa.

Mama Drocella alishika ile kikombe ya Maître X, ingali na mashanza nusu, akaitosha mbele yake, akaipeleka mu nyumba.

— Préfet akanywe ku bureau yake, akasema kutoka ndani.

Maître X alibakia anaangalia fasi yenye kikombe ilikuwa. Palikuwa na alama ya duara ya mweupe ku mbao. Tuliogopa kumuangalia. Kisha alitosha cravate, akaikunja kidogo kidogo, akaiingiza mu mufuko.

— Ulisema saa kumi?

— Saa kumi, mama akajibu. Akarudisha kikombe, na ilikuwa imejazwa upya.

Kesho yake saa kumi ba-finaliste walijaa pale sawa siku ya soko, wa Juu na wa Chini, wakakaa ku banc yetu bila hata kutulomba ruhusa. Sisi tukasimama ku mufereji. Maître X, na pullover yake ya kutoboka, alitafuta tableau, akakosa, akafunga mulango ya kibanda yangu na kuanza kuandikia pale na chaki. Telefone za watu zikabakia ndani. Watu walikuja kuzichukua, nikawaambia wangojee mpaka équation iishe. Wengine walinitukana. Bénédicte alikuwa wa mbele, cahier ku magoti, alikuwa ameshanusa kosa moja ya mwalimu na kuinua kidole.

— Tumefukuzwa, Walikale akasema. Miye nimekimbia vita, nimekimbia siafu za pori, lakini sijawahi kukimbia hesabu.

Siku ya tatu njo président wa komite alifika. Habari ilikuwa imepanda mpaka kwake. Alishuka ku moto ya Sans Frein, na veste, na porte-documents mu kwapa, akazunguka banc, akasimama karibu na mulango yangu, mikono nyuma.

— Bon, akasema. Hii iko ku Juu ao iko ku Chini?

Kalamu tu njo zilisikika.

— Nauliza juu ya ordre. Masomo lazima iwe na upande. Na lazima iwe na prefe. Nani prefe wa hapa?

Maître X alimupatia mugongo, akaendelea kuandika. Watoto hawakuinua kichwa. Nimeona wakubwa mingi wakipita hii barabara, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona muntu anaita mwenye kukalia kiti ya ukubwa, na hakuna mwenye anainuka.

Mama Drocella akatoka na kikombe ya mashanza, akamupatia na mikono miwili, na heshima yote yenye tunapatiaka wakubwa.

— Karibu, papa président, akamuambia. Ukunywe. Lakini usimame kule ku mufereji pamoja na wengine, juu hapa unamuzibia Bénédicte mwangaza.

Akatuangalia. Tukamufanyia fasi. Akasogea.